Picha Mia Nne Nilizoamuru Zifutwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mama Mkuu wa Chuo chetu cha Wakunga, walimu, wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na wewe mke wangu, uliyeniomba niseme kwa dakika tano tu na ambaye naona umeshatazama saa: shikamooni mnaostahili, na wengine habari za mchana.

Nimesikia sifa zangu zikisomwa hapa mbele, na zilipofika katikati nikageuka kutazama kama kuna mtu mwingine anayestaafu leo. Eti nimekuwa nguzo ya teknolojia! Ndugu zangu, kwa miaka ishirini na mmoja nimepiga picha za mafunzo na kuziweka kwenye tovuti ya chuo, na katika muda huo nimefanya makosa makubwa mawili: la kwanza kukataa kitu kipya, la pili kukikubali.

Kwa miaka mingi sikutaka kusikia mfumo wowote wa picha isipokuwa JPEG, ule wa zamani ambao kila kompyuta inaufungua. Nilizipandisha zikiwa kubwa vilevile zilivyotoka kwenye kamera. Wakunga walioko vituo vya mbali wakaandika kulalamika kwamba ukifungua ukurasa, unaweza kufua, ukaanika, ukarudi, na picha imeshuka hadi kwenye nyusi tu. Niliwajibu kwa barua yenye mhuri kwamba tatizo ni mtandao wao. Barua hiyo niliikuta kabatini wiki iliyopita, nikaichana kabla mrithi wangu hajaiona.

Kisha nikapelekwa semina ya siku tatu. Huko nikaonyeshwa mfumo mpya, AVIF, picha ileile ikiwa na nusu ya uzito, pengine chini ya hapo. Nilikwenda mkaidi, nikarudi mhubiri. Jumatatu asubuhi nikamwagiza fundi wetu wa tovuti abadilishe picha zote mia nne, na za zamani azifute.

Fundi huyo yuko pale nyuma, amejificha nyuma ya nguzo. Tunamwita Bi Akiba kwa sababu hatupi kitu, hata kifuniko cha kalamu. Aliniuliza, "Mzee, hizi za zamani si tuziache pembeni kwanza? Kuna simu hazitafungua hizi mpya."

"Za nini?" nikamjibu. "Wewe ukihamia nyumba mpya unabeba na vumbi?"

Nilijiona nimesema jambo. Hakubishana. Alinitazama tu, kama mnavyomtazama mgonjwa anayewaelekeza kazi.

Siku ya nne simu ya mezani ikalia. Alikuwa mkunga kijana, mwezi wa pili kazini, peke yake kituoni.

"Shikamoo. Hapo ni chuoni? Nimefungua ukurasa wa watoto njiti, maelezo yapo lakini picha hazipo. Naona visanduku vyeupe."

"Marahaba, binti yangu. Simu yako ni ya mwaka gani?"

Naam, hilo ndilo swali nililouliza.

"Mzee," akasema, "mtoto ana kilo moja na nusu. Anapoa. Gari la wagonjwa liko mbali, mwendo wa saa nne nzima. Nataka kumfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, lakini sijawahi kufanya peke yangu, na nguo inateleza. Niambie picha inaonyesha nini."

Walimu wote walikuwa kwenye mtihani wa vitendo, jengo la pili. Bi Akiba alitoka mbio kumwita Mkuu. Mimi nikabaki na simu. Mimi ambaye mke wangu alipojifungua kifungua mimba wetu, wauguzi waliwahudumia watu watatu: mama, mtoto, na mimi niliyezimia mlangoni.

Niliifungua picha kwenye kompyuta yangu, ambayo mfumo mpya iliuweza. Nikaanza kusema ninachokiona, na mara nikagundua kwamba nimeipiga picha ile mwenyewe na sijui nguo inapita wapi! Basi nikafungua shati. Nikachukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, nikaiweka kifuani, nikavuta kitambaa cha meza na kuanza kujifunga, simu nikiibana begani.

"Msimamishe wima katikati ya matiti. Miguu ikunjwe kama ya chura. Nguo ipite juu, ukingo wake uishie chini ya sikio…"

Mlango ukafunguliwa. Mama Mkuu, na nyuma yake wajumbe wawili wa Bodi waliokuwa wakikagua mtihani. Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unacheka. Mmoja wao alikuwa wewe. Mkuu aliitazama ile chupa, akasema bila kupepesa macho, "Mtoto wako kidevu kimezama. Atakosa hewa. Mgeuze kichwa upande, mnyanyue kidogo."

Nikamnyanyua. Ndipo akachukua simu, na kwa sauti ya mtu aliyezalisha maelfu akamwongoza binti yule fundo kwa fundo. Bi Akiba naye alikuwa ameshachomeka kwenye kompyuta flashi yake ya kuhifadhia mafaili. Picha zote za zamani alikuwa nazo! Hakuzifuta hata moja. Akaituma JPEG kwenye simu ya yule mkunga, naye mkunga akaifungua, akalinganisha, akasema, "Imeshika." Baada ya saa moja akapiga tena: "Joto linapanda."

Mtoto alifika hospitali akiwa hai, na baada ya wiki tano akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Bi Akiba alitengeneza upya kurasa zote. Tangu hapo kila picha imewekwa kwa mifumo yote miwili: simu inayoiweza mpya inapewa mpya, nyepesi, isiyoiweza inapewa ya zamani, iliyopunguzwa ukubwa. Kazi hiyo ndiyo mliyonisifia leo. Naomba makofi yale yahamie nyuma ya nguzo.

Nilimpigia mkunga yule kumwomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee, mimi nimeshakusamehe, kwa sababu nilipiga simu. Lakini zile siku nne, wangapi waliona kisanduku cheupe wakafunga ukurasa?"

Nilitafuta kwenye kumbukumbu za tovuti. Nilikuta simu nyingine thelathini na saba zilizofungua ukurasa ule siku hizo bila kupata picha. Sijui hata moja ilikuwa mkononi mwa nani, wala mbele yake alikuwa amelala nani.

Mrithi wangu, karatasi yenye hesabu hiyo nimeibandika juu ya meza yako. Usiibandue.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunisikiliza.