Jina Lisilo Kitabuni

Ndani ya basi la kwenda Grant Street, Leokadia alijifanya anasoma simu, masikio yote yakiwa kiti cha mbele. Mzee wa Kikongo alikuwa amekumbatia kitabu cha vita vya kwao, kilichoandikwa na shemasi mmoja wa hapa Buffalo. Shemasi aliwataja kwa majina wanaume waliokimbia siku ya mashambulizi wakawaacha wanawake nyuma, na kanisa zima lilikuwa limechafuka.

“Ule mtu anatupaka matope,” mzee alifoka.

“Papa, ulikisoma?” aliuliza mama aliyekaa ubavuni mwake.

“Yote, mara mbili. Jina yangu haiko.”

“Bon, si ushukuru Mungu?”

“Nishukuru nini, mama? Ameandika hata Cyubahiro, mwenye alikimbia kesho yake! Miye njo nilikimbia wa kwanza. Donc, wajukuu wangu watasema sikukuwako?”

Mama akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Leokadia alikuwa amesikia mengi kwao Bukoba, lakini mtu kudai aibu yake kama haki, hilo lilikuwa geni.

Basi liliposimama, dereva aliomba mama mwingine, mwenye kigari cha mtoto, apishwe ashuke kwanza. Mzee, kitabu kwapani, alikwisha kuwa barabarani.