Kumlisha Baba

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie wenzangu wa kikundi hiki mnaouguza nyumbani, poleni na kazi. Mie sijazoea kuongea mbele za watu. Nikisimama maneno yananiishia, ndiyo maana nimeandika, na nitasoma polepole. Shule niliishia darasa la saba, mnivumilie.

Naishi Gongo la Mboto na baba yangu. Baba alikuwa mchonga vinyago. Siku moja aliamka hawezi kushika patasi, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukawa kama si wake. Mama alishafariki, kaka zangu wako Mtwara, kwa hiyo wa kumuuguza nilibaki mie.

Wodini nesi alikuwa mmoja, na wagonjwa wamejaa mpaka wengine wanalala chini. Simlaumu, nilimwona anavyokimbia huku anaitwa kila upande. Siku tuliyoruhusiwa alituambia akiwa mlangoni, mguu mmoja umeshatoka nje: "Mlisheni amekaa, taratibu, na maji matupu msimpe. Mmeelewa?"

Tukajibu wote, mie na majirani waliokuja kumchukua baba, "Ndiyo, sista."

Ndugu zangu, pale hakuna aliyeelewa. Sie tulidhani mgonjwa akiwekewa mto chini ya kichwa ndiyo kakaa. Na maji, nani atamnyima mgonjwa maji? Lakini nesi akikuuliza umeelewa, unasema ndiyo. Unaona aibu kumpotezea muda.

Akaja shangazi, dada mkubwa wa baba. Mnajua shangazi akifika kwa kaka yake, nyumba inakuwa yake. Na anampenda baba kweli. Alikuwa anamlaza chali, anamwekea mto, anammiminia uji mwepesi na kikombe. Baba anakohoa, uji unamtokea puani. "Meza kaka, meza upate nguvu," anamwambia. Majirani wakija kumjulia hali, kila mmoja naye anataka amlishe vijiko viwili vitatu, asionekane kaja bure. Baba anakodoa macho tu. Hawezi kusema basi.

Haikupita muda akashikwa na homa, kifua kinakoroma. Tukarudi hospitali. Wakasema ni nimonia, chakula kinapita njia ya hewa na kuingia mapafuni. Daktari akaniambia wazi kwamba ikijirudia, baba hatapona.

Safari hii nilimkuta nesi mwingine, mama mtu mzima. Akaniuliza, "Unamlishaje?" Nikamweleza. Hakunigombeza. Akasema, "Panda kwenye benchi hilo, ulale chali."

"Sista, watu wananiona."

"Waache waone."

Nikalala. Akanitilia kijiko cha maji mdomoni. Nilipaliwa mpaka machozi yakanitoka, wodi nzima ikacheka. Akaniambia, "Na wewe koo lako ni zima."

Ndipo akanionyesha. Mgongo unyooke, kidevu kiinamie kifuani. Uji uwe mzito, maana chepesi kama maji kinakimbilia njia ya hewa. Kijiko kidogo, upande ulio hai wa mdomo, kisha unangoja mpaka uone koo limepanda na kushuka. Akishiba asilazwe hapo hapo. Halafu akanikabidhi kijiko nilishe mwenyewe, yeye anaangalia. Akasema, "Zamu yangu ikiisha mie naondoka. Nesi wake ni wewe."

Tuliporudi nyumbani, shangazi alikuwa ameshapika uji anatungoja. Baba kulazwa tu kitandani, kikombe hiki hapa. Mie tangu nizaliwe sijawahi kumwambia mkubwa hapana. Nikakishika kikombe.

"Shangazi, asinywe."

"Wee! Umeanza lini kunipangia? Kiharusi hakikumuua kaka yangu, unataka kumuua wewe kwa njaa?"

Nilitaka kueleza, maneno yote ya nesi yakapotea. Nikabaki nimeng'ang'ania kikombe, naye anavuta, uji unatumwagikia mikononi. Nikapiga magoti. "Shangazi, nakuomba ulale hapo kwenye mkeka. Mara moja tu."

Jirani mmoja aliyekuwepo akacheka, "Lala bibi, labda anataka kukukanda mgongo."

Akalala, nadhani kwa hasira, auone mwisho wa ujinga wangu. Nikampa kijiko kimoja cha ule uji. Akapaliwa. Aliinuka anakohoa, kilemba kimemvuka. "We mtoto! Unataka kuniua?"

Nikamwambia, "Baba hawezi kuinuka, shangazi."

Akamtazama kaka yake, halafu akakaa sakafuni akalia, kilio cha chini chini. Mie sikujua nifanye nini, nikaenda kuuchemsha uji uwe mzito. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayekaa mlangoni. Mgeni akishika kijiko tu anamwambia, "Kiweke. Hapa mlishaji ni mmoja."

Naona mmefurahi, lakini nisiwadanganye. Baba hajapona. Daktari amesema hatapata nafuu zaidi ya hapo alipofika. Ananitazama, sijui kama ananijua. Kijana aliyekuwa anataka kunioa ameacha kuja, wala simlaumu, nyumba yetu inanuka ugonjwa. Shangazi naye anachoka, iko siku atarudi kwao. Kuna asubuhi nakaa na bakuli mkononi najiuliza, namlisha ili iwe nini? Namlisha tu.

Namshukuru yule nesi. Nilirudi kumwambia asante, nikaambiwa amehamishwa. Namshukuru shangazi kwa kukubali kulala kwenye mkeka. Na nyie, kwa kunikalisha hapa bila kunilazimisha kuongea mpaka leo.

Niliyo nayo ya kuwaambia ni madogo. Nesi akikuuliza umeelewa, na hujaelewa, sema hapana, hata kama nyuma yako kuna foleni. Omba ufanye kwa mkono wako yeye akiwepo. Na manesi mliokuja leo, tunajua mmechoka, ila msituulize tumeelewa. Tuambieni tuwaonyeshe.

Leo kabla sijatoka baba amekula robo bakuli. Uji ulipoa nikaupasha, ukapoa tena nikaupasha. Hakukohoa.