Maharage Kumi na Moja ya Mama Yake Fundi Saa

Benchi letu lipo kati ya kibanda cha Fundi Saa na ukuta wa ofisi ya maji, na mwenye birika ni mimi. Wanaokalia benchi hilo si watu wa kawaida, ni viongozi. Mwaka juzi walianzisha chama cha kutunza na kubadilishana mbegu za maharage ya asili. Chama kina mwenyekiti, kina mhuri, kina daftari la wanachama. Bustani ndiyo bado. Leo asubuhi Fundi Saa kaja na kopo, uso umemshuka. Maharage ya marehemu mama yake, yale meusi yenye mstari mweupe, yamebunguliwa. Aliyamwaga kwenye kitambaa, akayachambua moja moja kwa kibano chake cha kazi. Yaliyosalimika ni kumi na moja.

— Jamani, nawaomba. Kila mmoja nilimpa kiganja kizima tulipofungua chama. Nirudishieni japo nusu.

Aliyekohoa kwanza ni Profesa, mwenyekiti wetu, ambaye hajawahi kufundisha darasa lolote ila anasahihisha kila mtu.

— Pole sana, Fundi. Ila usiyaite ya mama yako. Mbegu ni ya jamii.

— Basi jamii inirudishie.

— Yangu niliyatunza kisasa, kwenye friji. Umeme ukakatika siku nne, barafu ikayeyuka, yakaota humo humo ndani.

— Ukayapanda?

— Nitayapandaje, na yameota bila kufuata utaratibu?

Waziri, ambaye hata ukiranja hajawahi kuuonja, akajisogeza.

— Yangu mimi yapo salama salimini.

— Afadhali! Yalete.

— Siwezi. Kuna watu wanapita na mabegi wanazitafuta mbegu hizi. Wanazipiga picha tu, kesho zinaota kwao.

— Picha inaota? nikauliza.

— Wewe mimina kahawa. Dunia ina mambo.

— Sasa umeyaficha wapi? Fundi akambana.

— Hiyo ndiyo siri. Hata mimi nimejitahidi nisikumbuke.

— Mkewe aliyapika, nikasema. Aliniambia mwenyewe, analalamika yalimmalizia mkaa.

— Aliyapika kwa sababu za kiusalama!

Fundi Saa hakucheka. Akatazama mawingu.

— Mvua hiyo inakuja. Haya kumi na moja nayapanda yote leo.

— Thubutu! Profesa akasimama. Ukiyafukia utabaki na nini mkononi? Akiba haiozi, Fundi.

Fundi akamsogezea kopo. Ndani ulikuwa unga mtupu.

— Huko si kuoza, Profesa akasema, ni kubunguliwa. Methali haijaguswa.

— Halafu, Waziri akadakia, maharage ya zamani yakikutana na udongo wa siku hizi yanachanganyikiwa. Binamu yangu alipanda mekundu, akavuna boga.

— Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, Profesa akaunga mkono.

— Yamekaa miaka sita kwenye kopo, akasema Fundi.

— Na haraka haraka haina baraka!

Hapo ndipo alipotokea mama mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, ana bahasha mkononi na udongo kwenye kucha.

— Hamjambo, kaka zangu? Nimeambiwa hapa mnabadilishana mbegu. Mimi nina haya ya njano.

— Umefika penyewe, Profesa akasema, akiupapasa mhuri mfukoni. Uliza lolote.

— Haya meusi yanapendeza. Yanatambaa, au yanasimama yenyewe? Nataka kujua kama nikate vijiti.

Profesa akachungulia kikombe chake. Waziri akainama kufunga kamba za viatu, naye kavaa kandambili. Tukamgeukia mwenye maharage.

— Vijiti vilikuwepo, Fundi akasema taratibu. Mama alivikata mwenyewe, mimi namshikia. Ila... tulikuwa na nyanya pia. Sikumbuki vilikuwa vya nini.

Nilimwonea huruma, sifichi.

— Saa ya mtu nikiifungua mara moja, naikumbuka mpaka kaburi. Hili nililiona kila msimu.

— Tutaweka vijiti, kaka, yule mama akasema. Yasipovitaka, tutaving'oa.

Fundi akahesabu sita, akamtia kiganjani, naye akabaki na matano. Yule mama akammiminia ya njano bila kuhesabu.

— Sita kwa mgeni? Profesa akapiga kelele. Kikao hakijapitisha!

Fundi alikuwa ameshafunga kibanda, asubuhi yote hiyo, na foleni ya saa za watu mezani.

— Dada, akamwambia, yako yakianza kutambaa niite. Hata kama nina mteja, niite nije nione.