Jina la Rodion Kwenye Jalada

Yegor, zima hiyo televisheni, na wewe Varya acha kufuta meza, imeng'aa ya kutosha. Kaeni hapa, upande wa sikio langu linalosikia. Daktari amewaambia zimebaki siku chache, nilimsikia mlangoni, kwa hiyo msinichekee kama mtoto wa chekechea. Nina maneno, wanangu, na nikishaanza msinikate, maana pumzi yangu imekuwa fupi na ikikatika sijui kama itarudi.

Nyumba hii mtagawana bila kelele. Kiwanja cha nje ya mji na kibanda chake ni cha Varya, kwa sababu ndiye aliyelima viazi huku mgongo ukimuuma, wakati Yegor alikuwa akifika siku ya kuvila. Usinune, mwanangu, ni kweli. Na piano ya baba yenu asiiuze mtu kabla hamjaifungua kwa nyuma. Sababu mtaijua sasa hivi.

Jana, Yegor, uliniletea jalada la ile santuri, wanayoitoa upya wale vijana wa Petersburg, ukaliweka juu ya blanketi langu kama keki ya siku ya kuzaliwa. Jalada zuri. Bwawa, ukungu, na chini kwa herufi nyeupe: bendi ya Shlyuz, "Wimbo wa Wajenzi wa Bwawa", mtunzi Nonna Velizhanina. Varya naye akaongeza kwamba shule yake ya muziki itaitwa kwa jina langu, na kibao cha marumaru kimeshachongwa. Nikageukia ukutani, mkadhani ni maumivu, mkamwita nesi.

Ule muziki sikuutunga mimi. Hata noti moja.

"Mama, ni hizo dawa," unasema. Si dawa, Varya. Dawa zinanilaza, hazinisemeshi ukweli, na laiti zingeweza ningezinywa zamani.

Mnamjua yule mrefu mwenye filimbi kwenye picha ya bendi, pale koridoni. Rodion Pistogov. Nimewaambia maisha yenu yote kwamba alitutupa kwa kiburi. Alikuwa fundi wa mashine ya kuchongea vyuma kiwandani, na sisi tulifanya mazoezi katika nyumba ya utamaduni ya kiwanda hichohicho, chumba kilicho chini ya ngazi, mimi kwenye kinanda, baba yenu Arsenty kwenye ngoma. Spika zetu zilitoka kwenye sinema iliyofungwa. Sumaku za gitaa baba yenu alizing'oa kwenye simu za barabarani, hadi mtaa mzima ukakosa pa kupigia. Na Rodion, saa ya chakula cha mchana, mkate mkono mmoja, alikuwa akitunga nyuma ya michoro ya vyuma, kwa penseli ya kiwandani. Hivyo ndivyo alivyouandika ule muziki wa dakika ishirini na mbili. Akauita "Kijiji Chini ya Maji". Kilikuwa kijiji cha bibi yake, kilichozamishwa bwawa lilipojazwa. Katikati, mnakumbuka, wote tunanyamaza na filimbi inabaki peke yake, inapanda mara tatu, inashuka. Hivyo ndivyo bibi yake alivyokuwa akimwita ng'ombe arudi nyumbani.

Ninyi hamkuliona baraza la sanaa. Kabla ya kupiga mbele ya watu ulipeleka orodha, nakala nne zilizopigwa chapa, kila wimbo na jina la mtunzi na mahali anapofanya kazi, na wazee watano wakisoma, wakipiga muhuri au wakikataa. Mwaka sabini na tisa hakuna Pistogov yeyote ambaye angepata muhuri, kwa sababu kaka yake Rodion, baharia, alikuwa ameshuka melini Hamburg akabaki kwa mabepari, na serikali ikaiona familia nzima ya wasaliti. Mimi nilikuwa na diploma ya muziki na faili safi. Tukakaa pale kwenye ngazi tukikuna vichwa, na ni Rodion mwenyewe aliyesema, "Andika la kwako, Nonna. Utanirudishia mvua ikiisha." Baba yenu akabadilisha na kichwa cha wimbo. Rodion alipokisoma alicheka hadi akakohoa. "Wajenzi wa bwawa! Bibi angekuwa hai angekurushia ndoo, Arsenty."

Muhuri ukapigwa. Baada ya miaka miwili ikatoka santuri, na jina likatoka nayo, na televisheni ikaja. Nilivaa gauni la bluu. Mtangazaji akaniuliza ile filimbi inasema nini, na mimi, wanangu, nikajibu bila kusita kwamba ni king'ora cha asubuhi kinachowaita wafanyakazi bwawani.

Ng'ombe wa bibi yake. Nikamgeuza king'ora.

Kesho yake Rodion akaja, akakaa jikoni kwetu, kofia magotini. Baba yenu akamwekea chai. Rodion akaniangalia na kusema, "Hongera, bibie. Na hicho king'ora ulikisikia lini? Maana mimi nafanya kazi huko, sijawahi kukisikia kikiimba vizuri hivyo." Nikacheka, fikirini, nikacheka na kumsogezea sukari. Akanywa chai yake hadi mwisho, akaaga, hakurudi tena mazoezini. Hakupiga kelele. Hakumwandikia mtu barua ya kunishtaki. Nilimchukia kwa ule unyamavu wake kuliko ningemchukia kwa kofi.

Msiseme "zilikuwa nyakati zile, mama." Baraza lilivunjwa mwaka themanini na saba, wale wazee wakaenda kufuga nyuki. Miaka minane wao ndio walioniziba mdomo. Hii thelathini na miwili iliyofuata nimejiziba mwenyewe. Nilitaka kusema, na baba yenu akaniambia, "Ukikiri huo mmoja watauliza na nyimbo nyingine ni za nani, na watoto watachekwa shuleni." Mlipomzika mlisema alikuwa mtu mkweli. Niliwaacha mseme.

Rodion alikufa mwaka tisini na sita, mwezi wa tatu, ardhi ngumu kama reli. Matangani dada yake Taisia aliweka mbele ya picha yake, kama desturi yetu, glasi ya vodka na kipande cha mkate juu yake, na watu wakaniomba niseme neno, mimi mtu mashuhuri. Nikasema, alikuwa mpiga filimbi mzuri. Basi. Taisia alikua pamoja naye kwa yule bibi, ule wito wa ng'ombe anaujua. Akaniuliza, akiniita kwa jina langu na la baba yangu kama mtu baki, "Umemaliza, Nonna Arkadyevna?" Nikasema nimemaliza. "Basi kaa ule."

Nikakaa. Nikala.

Nipe maji, Varya. Kidogo.

Fungueni piano kwa nyuma. Michoro kumi na tisa, imefungwa kwa gazeti, mwandiko wake. Mpelekeeni Taisia, yuko Krasnokamsk, ana miaka themanini na mmoja, nendeni kesho, msinisubiri nife kwanza. Akiwafukuza, iacheni mlangoni. Kibao cha shule kisitundikwe. Najua, Varya, umewafundisha watoto miaka kumi na tano kwamba ni wa mama yako. Utasimama mbele yao useme ulidanganywa, na aliyekudanganya useme ni nani. Kwenye jiwe langu andikeni mpiga kinanda. Huyo ndiye niliyekuwa.

Usilie, nakuacha na aibu ambayo si yako, najua. Sina njia ya kuibeba niende nayo, nimejaribu.

Njooni, wekeni vichwa hapa. Mwenyezi awape... awape usingizi ambao mimi sikuupata. Mtu akiwauliza swali, mjibu mara ya kwanza. Mpendane, hata kwa viazi.

Yegor. Ile karatasi ya maandishi ya jalada, ambayo wale vijana wanataka nisahihishe. Chukua kalamu. Futa la kwangu... lifute vizuri. Andika, "Kijiji Chini ya Maji". Mtunzi... Lete karibu, sioni. Umeandika R peke yake na nukta. Hapana, mwanangu. Andika lote.