Delmar Kucera: Arobaini na Saba Hapa

Leo Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, Delmar Kucera anastaafu baada ya kuitumikia karakana yetu kwa miaka thelathini na mitano na karibu miezi minne. Kwa muda wote huo amekuwa fundi umeme pekee wa malori makuukuu ya kijeshi, yale ambayo jeshi likishayachoka huviazimisha vituo vya wazimamoto wa kujitolea hapa kwenye vilima vya mchanga vya Nebraska. Neno “pekee” nimeliandika kwa makusudi. Mkuu wetu ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu mimi, Lorna Petska, ndiye mwendesha redio wa karakana, na anaamini nimezungumza na Delmar kuliko mtu yeyote aliye hai. Hajakosea, na jambo hilo halinifurahishi.

Delmar alianza kazi tarehe 1 Machi 1989, akitokea jeshini, ambako alijifunza malori haya akiwa kijana. Tulimkabidhi gari dogo, sanduku la vifaa na vituo sitini na viwili. Kutoka kituo kimoja hadi kingine ni mwendo wa saa mbili au tatu, na njiani anayekupungia mkono ni mkia wa ng'ombe.

Wanaomfahamu kwa sifa hupenda kisa cha mwaka 1996 kwenye kituo cha Ardell. Malori haya hutumia volti ishirini na nne, zinazotoka kwenye betri mbili za kumi na mbili zilizounganishwa. Redio za kawaida hutaka kumi na mbili. Basi mfugaji wa kwetu, mtu mwerevu anayejua kuzalisha ng'ombe kwenye dhoruba, huitazama betri moja, akaona kumi na mbili zimekaa tu pale, akachomeka redio yake. Baada ya wiki chache betri moja imekufa, ya pili imechemka, na lori haliwaki nyasi zikishika moto.

Siku ile wanaume saba walikuwa wamelizunguka lori, mikono kifuani. Delmar hakufungua hata sanduku lake.

“Nani kaweka redio?”

 Mkuu wa kituo, Rodney Vogt, akasema, “Sasa Delmar, mechi tungeisikilizaje?”

“Mmeshinda?”

“Tumeshinda.”

“Haya, hongereni. Sasa sukumeni.”

Walisukuma tani sita hadi mlangoni kwenye mwanga, naye akawafungia kipunguza volti kinachokula betri zote mbili sawasawa. Tangu hapo amefunga vipunguza volti mia moja na kumi na nne. Pia amekwangua rangi nyekundu kwa kisu cha mfukoni kwenye malori yasiyohesabika, kwa sababu wazimamoto wetu wakilipata lori la kijani hulipaka rangi kwa mapenzi makubwa, hadi chini ya waya ya ethi, inayotakiwa kugusa chuma kitupu, kisha hushangaa kwa nini ukikanyaga breki mshale wa mafuta unapanda. Hakuna kituo katika eneo letu ambacho lori lake limegoma wakati wa moto tangu mwaka 2003. Rekodi hiyo ni ya mtu mmoja.

Waya za malori haya zote ni nyeusi. Jeshi halikujali rangi. Kila waya ina kibati kidogo chenye namba. Delmar anazijua namba hizo kuliko anavyoyajua majina yetu, na ripoti yake ya kufunga kazi, kila siku saa kumi na moja na nusu jioni, haikuwa zaidi ya namba. “Arobaini na saba hapa. Ardell. Ishirini na nane. Nafunga.” Arobaini na saba ni namba yake ya mwito, na ishirini na nane ni waya ya geji ya mafuta, maana yake siku ilikuwa nyepesi. Akisema ishirini na moja, taa za nyuma, nilijua ameshinda chali kwenye theluji. Nami nilijibu, “Nimekupata, arobaini na saba. Nenda salama.”

Mkewe, Marlene, alifariki Februari 2015. Delmar alichukua likizo ya siku nne. Siku ya nne ilikuwa Jumapili, nami nilikuwa jikoni nikikanda unga, redio ya mkononi ikiwa dirishani, nikasikia: “Arobaini na saba hapa. Nyumbani. Hakuna waya.”

Nilijibu, “Nimekupata.” Sikupata neno bora kuliko hilo, na mpaka leo naona aibu.

Tangu siku hiyo ameita kila jioni, sikukuu na wikendi, bila kuagizwa. Krismasi mbili sikwenda kwa dada yangu Omaha, nikasingizia theluji. Najua atanikasirikia kwa kuyaandika haya. Na akasirike.

Kanuni inasema namba ya mstaafu inafutwa siku anayoondoka, na masafa yetu ya redio ni ya wafanyakazi na malori tu. Nilimwomba mkuu wetu afumbe macho, Delmar aendelee kuita. Akaniambia, “Lorna, kanuni ni kanuni. Si umpigie simu?” Nilimweleza Delmar wazo hilo. Akasema ukimpigia mtu simu lazima uwe na la kusema.

Basi nikavaa miwani nikaisoma kanuni upya. Ya wafanyakazi na malori. Lori la Ardell la mwaka 1971 limeegeshwa maili nne kutoka nyumbani kwa Delmar, na tangu Jumatano namba ya mwito ya lori hilo ni arobaini na saba. Kanuni hiyohiyo inataka redio ya kila lori ijaribiwe kila siku. Watu wa Ardell wako mashambani wakikata nyasi, hivyo Rodney Vogt, ambaye sasa ana miaka sabini na sita, ameleta ufunguo wa kituo na barua ya kumteua Delmar kuwa mjaribu redio. Ameniomba nisome na ujumbe wake: “Mwambie asipokuja, tutaifunga redio kwenye betri moja.”

Delmar, kwa niaba ya karakana na vituo sitini na viwili, asante kwa kila taa iliyowaka. Baada ya hotuba kuna supu ya maharagwe na mikate ya mdalasini, na safari hii utakula ukiwa umekaa. Tunakuombea afya, siku nyepesi, na mgongo mkavu.

Kesho ni Jumamosi. Saa kumi na moja na nusu nitakuwa nimekaa kando ya redio. Si lazima uwe na la kusema.