Verdiana Kokwijuka na Neno Lililomlaza Damian

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Verdiana Kokwijuka, mtaalamu wa fiziotherapia wa hospitali yetu hapa Bukoba, anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alipoanza, chumba cha mazoezi kilikuwa na kitanda kimoja na mkeka. Leo ni idara kamili, na sisi aliotufundisha bado tunanyoosha migongo tukisikia viatu vyake koridoni.

Wengi tunamkumbuka kwa habari ya Damian Rugaibula, mkulima wa Buganguzi, Muleba. Damian aliinua mkungu wa ndizi akiwa ameinama vibaya, maumivu yakamchoma kutoka kiunoni hadi mguuni. Alikotibiwa kwanza aliambiwa diski imetoka, apumzike. Hakuelezwa zaidi. Akaamini kuna kitu kimechomoka mgongoni, na akijitikisa kitapotea kabisa. Akalala. Msimu wa kahawa ukapita, Evodia mkewe akivuna peke yake akiwa mjamzito. Alipojifungua binti yao Annastella, Damian hakuthubutu hata kumpakata.

Evodia alikuja mjini kumwona dada yake aliyelazwa hapa kwetu, akapitia kwa Verdiana.

“Waitu daktari,” alisema kwa heshima ya Kihaya, “mume wangu ametoka kitu mgongoni. Mnaweza kukirudisha?”

Jumamosi iliyofuata Verdiana alikuwa Buganguzi. Alimpima Damian nguvu za miguu, akauliza kuhusu ganzi na haja ndogo. Aliporidhika kwamba hakuna dalili za hatari, aliomba ngata ambayo Evodia huweka kichwani akibeba maji, akaishika kati ya ngumi zake mbili.

“Ngumi hizi ni pingili za uti wa mgongo,” alisema. “Ngata ndiyo diski. Nikiibana huku, inatokeza kule, inagusa mshipa wa fahamu. Ndiyo maana mguu unawaka. Lakini haijaenda popote, baba. Mara nyingi hunywea yenyewe, na kutembea kunasaidia kuliko kulala.”

Damian aliichukua ngata, akaibana mwenyewe. “Kumbe nililazwa na neno,” alisema.

Jioni ile alitembea hadi mwisho wa kibanja, shamba lake la migomba, Verdiana upande mmoja, mkewe upande wa pili, na yeye mwenyewe akilia waziwazi. Baada ya miezi michache ya mazoezi aliingia idarani kwetu bila kushikwa, Annastella mikononi. Verdiana alimkosoa jinsi alivyombeba, akamwonyesha namna bora, kisha akageukia dirishani akatafuta leso.

Tangu hapo akaweka utaratibu: mgonjwa wa mgongo haondoki mpaka aeleze mwenyewe, kwa Kihaya au Kiswahili, anaumwa nini. Daktari Kaijage, mganga mkuu wetu, aliupenda, akaupeleka wodi zote.

Sasa Verdiana anarudi Kanazi kumtunza mama yake, ambaye mgongo wake umepinda kwa mifupa kudhoofika uzeeni. Tunasikia ratiba ya mazoezi ya kila asubuhi imeshaandaliwa, na mama ameshatangaza kwamba yeye hafanyi lolote kabla ya kahawa.

Dada Verdiana, asante kwa mikono yako na kwa uvumilivu wako. Nenda ukapumzike, ulale unono, uamke huna foleni ya kuwahi. Nasi tukija Kanazi, tukaribishe kama wageni. Usitupime.