Maharamia wa Benchi la Walton

Benchi la Walton, mji mdogo wa pwani ya Uingereza, juu ya genge linalotazama bahari, lina wenyewe. Ron anaitwa Nanga, kwa kuwa anaapa kwamba ujanani alikuwa mtangazaji kwenye ile meli ya redio ya magendo, iliyopiga roki kutwa kucha huku serikali ikitokwa povu. Cyril, mwenye uvumi wa kila aina, ni Redio Mbao, na jina limemkaa. Maureen ndiye mwenye chupa ya chai, kwa hiyo anavumiliwa. Asubuhi hiyo gumzo lilikuwa filamu ya vichekesho kuhusu maharamia hao wa redio. Ukumbi wa sinema ulitaka mtu mmoja wa zama zile apande jukwaani kabla haijaanza. Maureen aliitamani sana nafasi hiyo, ila kila akifungua kinywa ananyooshewa kikombe akijaze.

— Jukwaa langu hilo, alisema Nanga. Nani mwingine aliyebandika sarafu kwenye mkono wa sindano, wimbi lisiirushe kwenye sahani ya santuri?

— Sarafu? Sisi tulimkalisha mpishi juu ya gramafoni, alisema Redio Mbao.

— Sisi na nani? Wewe ulikuwa unauza viatu Colchester!

— Mchana, bwana. Usiku napiga mbizi hadi melini. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo...

— Marejeo ni dukani, Maureen akamalizia.

— Chekeni tu. Roki ikikolea, samaki walikuwa wanaruka wenyewe kikaangoni. Wavuvi wakaenda kushtaki, ndiyo tukapigwa marufuku.

— Muongo wewe! Nanga akadakia. Tulipigwa marufuku kwa sababu mke wa mkubwa mmoja alikuwa ananiomba nyimbo kila siku. Wivu, mzee!

— Na zile taa, je? Maureen akachomekea.

Enzi hizo vijana waliegesha magari hapo hapo gengeni. Mtangazaji akiuliza swali hewani, wao walijibu kwa taa za magari: kumulika mara moja ndiyo, mara mbili hapana.

— Taa! Nanga alijipiga kifua. Mwulizaji nilikuwa mimi! Kuna binti alikuja na gari dogo jeupe. Nikamwuliza, pwani nzima inasikia: huyo kijana hapo kando yako, utakubali akuoe?

Maureen alikaza kifuniko cha chupa, ingawa kilikuwa kimekazwa. Gari lile alilijua vizuri mno.

Gemma, binti anayefanya kazi kwenye ule ukumbi wa sinema, alikuwa amefika na kusimama nyuma yao, anasikiliza huku akitabasamu.

— Shikamooni. Kumbe wote mlikuwa melini! Sasa huku nchi kavu, aliyekuwa anawasikiliza nani?

Nanga alimtazama Redio Mbao. Redio Mbao alitazama viatu vyake. Maureen akainua mkono taratibu, uso umemwiva.

— Mimi, mwanangu. Gari lilikuwa la baba.

— Wewe ndiye yule binti? Ukajibu nini?

Maureen alimtupia Ron jicho, na huruma ikamshika.

— Mara mbili, alisema Ron kwa sauti ndogo.

— Ulizionaje hizo taa, babu, na meli ilikuwa mbali vile?

— Nilikuwa kiti cha kando, binti, ndani ya gari lile. Kutoka pale zilionekana vizuri sana.

Ron alimsogezea Maureen kikombe, safari hii amemmiminia yeye chai.

— Mpandishe huyu jukwaani, alisema. Mimi nitakaa kando. Nimezoea.